SOMO LA WIKI: Kontena la taka za paa hulipiwa kwa uzito, si kwa macho

Wiki hii tunaangalia gharama ambayo wenye nyumba nchini Marekani huisahau mara nyingi wanapobadili paa, nayo ni ya kuondoa taka za paa la zamani. Somo hili linawahusu ndugu zetu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo walionunua nyumba huko. Msomaji aliye hapa nyumbani naye atajifunza namna ya kulinganisha bei za huduma inayouzwa kwa uzito.

Kontena lenyewe

Nyumba nyingi za makazi Marekani huezekwa kwa vigae vya lami, yaani vipande vyembamba vilivyopakwa lami na kunyunyiziwa chembe za mawe. Vikichakaa, mafundi huvibandua na kuvitupa katika kontena la chuma lililo wazi juu. Lori hulishusha kontena hilo mbele ya nyumba na kulifuata kazi ikiisha. Wenyewe huliita dampsta, jina lililotokana na George Dempster wa Knoxville, Tennessee, ambaye kampuni ya familia yake ilitengeneza mfumo wa kupakia makontena ya taka kwenye lori katika miaka ya 1930.

Makontena haya hutangazwa kwa ujazo: yadi za ujazo 10, 20, 30 na 40. La yadi 20 ni kama mita za ujazo 15. Hapo ndipo mteja huanza kukosea, kwa kuwa huangalia ukubwa wa kontena na kusahau mizani. Bei ya kukodi huwa na kikomo cha tani. Lori likifika dampo hupimwa, na kila tani iliyozidi kikomo hulipiwa zaidi. Vigae vya lami ni vizito, hivyo kontena linaweza kuonekana lina nafasi tele huku uzito umekwisha kupita.

Hesabu ya paa

Mafundi wa Marekani hupima paa kwa skwea. Skwea moja ni futi za mraba 100, sawa na mita za mraba 9.3. Tabaka moja la vigae vyepesi vya zamani huwa na uzito wa kilo 90 hadi 115 kwa skwea. Vigae vinene vya kisasa huzidi hapo.

Tuchukue nyumba ambayo paa lake ni skwea 15. Kwa kilo 110 kila skwea, tabaka moja ni kilo 1,650. Lakini nyumba nyingi zimeezekwa mara ya pili juu ya vigae vya kwanza. Kwa tabaka mbili uzito unafika kilo 3,300. Ongeza karatasi ya lami iliyo chini ya vigae, misumari na mbao zilizooza, utakaribia kilo 3,600.

Aidha, tani inayotumika Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907, wala si kilo 1,000. Kwa hiyo mzigo wetu ni takriban tani 4 za huko.

Sasa tulinganishe bei mbili. Tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu. Kampuni ya kwanza inataka dola 400, kikomo tani 2, na dola 80 kwa kila tani inayozidi. Ya pili inataka dola 460, kikomo tani 4. Mwenye haraka atachagua ya kwanza. Kwa mzigo wa tani 4 atalipa dola 560, na aliyechagua ya pili atalipa dola 460. Bei iliyoonekana rahisi imemgharimu dola 100 zaidi.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kutia sahihi

1. Tabaka ni ngapi? Mwambie fundi akague ukingo wa paa mbele yako. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi haziruhusu kuongeza tabaka la tatu juu ya mawili, hivyo paa la namna hiyo lazima libanduliwe lote.

2. Nani analipia kontena? Mafundi wengine huliweka ndani ya bei yao, wengine humwachia mwenye nyumba. Liandikwe kwenye mkataba, pamoja na atakayelipa uzito ukizidi. Ankara humfuata aliyetia sahihi.

3. Siku ni ngapi? Mvua ikisimamisha kazi, kontena linaendelea kuhesabiwa siku. Lifunikwe kwa turubai, kwa maana maji nayo yana uzito.

4. Litakaa wapi? Likiwekwa barabarani, miji mingi hudai kibali. Likiwekwa uani, tandika mbao chini yake ili chuma kisipasue sakafu ya zege.

5. Kitaingia nini? Rangi, betri na matairi kwa kawaida hukataliwa. Paa la zamani linaloshukiwa kuwa na asbesto lipimwe kwanza na mtaalamu. Hali kadhalika, usijaze kupita ukingo, kwa kuwa dereva anaweza kukataa kulibeba na safari hiyo ukaitozwa.

Hali ya soko

Bei hutegemea umbali hadi dampo, ada ya dampo lenyewe na msimu. Baada ya dhoruba ya mvua ya mawe, kama zinavyotokea Texas na Colorado, paa nyingi hubadilishwa kwa pamoja na makontena huadimika. Mwenye nyumba asiye na dharura hufaidika akisubiri. Aidha, ulizia kama jirani kuna kituo kinachosaga vigae vya lami kwa ajili ya kutengenezea barabara. Baadhi ya vituo hupokea vigae visivyochanganywa na taka nyingine kwa ada nafuu kuliko dampo.

Mwisho, dai risiti ya mizani ikiambatana na ankara, uilinganishe na hesabu yako ya skwea. Mali bila daftari hupotea bila habari.