Nimestaafu, Nina Mashua, Nyumbani Hakukaliki

Kwako Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa huku Bahati, umri wangu miaka 63. Niliacha chaki nilipofikisha 60 kama sheria inavyotaka, nikarudi kwenye shamba letu, ekari mbili na ng'ombe watatu wa maziwa. Nikiwa kijana nilifundisha Mbita, na huko ndiko wavuvi walikonionyesha jinsi ya kushika tanga. Sijawahi kusahau.

Mwaka jana binti yetu anayeishi Uingereza alikuja likizo akaniletea mashua ya mpira, ile ya kujaza hewa, yenye mlingoti wa kuunganisha na tanga dogo. Ikikunjwa inaingia kwenye mifuko miwili ambayo makanga hunisaidia kupakia. Tangu hapo kila Jumamosi napanda matatu hadi Nakuru, naunganisha nyingine hadi Naivasha, nashinda ziwani, narudi jioni. Mshauri, sijui nikueleze vipi. Nikiwa majini na upepo umeshika tanga, goti haliniumi na sifikirii deni la mtu yeyote.

Lakini nyumbani hakukaliki. Mama watoto ameninunia. Anasema ziwa lile lina viboko na kwamba siku moja nitaletwa nimefunikwa shuka. Kifungua mimba wetu alinipigia kutoka Nairobi akasema nawaaibisha, mzee mzima kuchezea maji wakati wenzangu wanafuga kuku. Kanisani mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimekuwa mzungu. Juzi mama watoto alisema nichague, mashua au yeye. Je, niiuze? Nimewaza pia kuachana na Naivasha niwe nakwenda Ol Bolossat, ambalo liko karibu na kwetu, ili nisiwe nachelewa kurudi. Nishauri.

Mwalimu Mstaafu, Bahati

Mwalimu, shikamoo. Usiiuze.

Nimetanguliza jibu kwa sababu naona barua yako inatafuta ruhusa, na ruhusa hiyo naitoa kwa moyo wote. Huku kwetu mtu akistaafu hupewa kazi nyingine kabla hajapumua: kuku, nguruwe, ploti ya kujenga, kamati ya harusi, kamati ya mazishi. Yote ni mambo mema. Ila sioni kwa nini mzee aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote atakiwe kueleza furaha yake kwa hesabu ya trei za mayai. Goti limeacha kuuma na moyo umetulia. Wapo wazee wa rika lako wanaozunguka hospitali wakitafuta hivyo viwili bila kuvipata.

Hilo la uzungu tulimalize upesi. Huyo mzee wa kanisa afike Lamu mwezi wa Novemba, wakati wa tamasha, aone majahazi yakishindana. Au aende huko huko Mbita awaone wavuvi wakitweka tanga kwenye mashua zao. Au apande hadi Baringo kwa Wailchamus, ambao vyombo vyao vya miti myepesi ni urithi wa mababu. Kwenye mashua yako kigeni ni mpira na pampu, basi.

Sasa tuje kwa mama watoto, na hapa sitakupaka mafuta. Umeniandikia habari za goti lako, tanga lako, mwanao, mzee wa kanisa. Ng'ombe watatu umewataja mara moja tu, mwanzoni, halafu wakapotea kwenye barua. Hukusema Jumamosi wanakamuliwa na nani. Ng'ombe wa maziwa hajui Jumamosi. Anataka kukamuliwa alfajiri na tena alasiri, anataka majani na maji, na anayekusanya maziwa barabarani hamngoji mtu. Wewe ukiwa tayari kwenye matatu na mifuko yako miwili, nyumbani kuna mtu ameshika ndoo, na mtu huyo hajastaafu.

Fikiria, Mwalimu. Wewe ulipewa barua ya kustaafu. Nadhani shule ilikuandalia karamu, watoto wakaimba, ukapewa zawadi na baadaye kiinua mgongo. Yeye alifanyiwa karamu gani? Siku uliyoacha chaki aliamka saa ile ile akafanya kazi zile zile, isipokuwa sasa kulikuwa na mtu wa kumpikia chakula cha mchana ambaye zamani alikuwa akila shuleni. Wake wa wastaafu huniandikia pia, na kilio chao hufanana: mzee amerudi nyumbani kupumzika, mimi nitapumzika lini?

Kwa hivyo sidhani mashua ndiyo anayoichukia. Anaona wewe una siku yako na yeye hana. Mpe yake. Chukua siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, ukamue wewe, ulishe wewe, upeleke maziwa, upike na uoshe vyombo. Yeye aende chamani, au Nakuru sokoni, au kwa dada yake, au alale hadi jua liwe juu. Usimpangie, na usimwulize alikuwa wapi. Jumamosi tafuta kijana wa kibarua akukamulie. Aliye na nauli ya kwenda Naivasha na kurudi hawezi kukosa ya kibarua. Anza hayo kwanza, wiki kadhaa, kabla hujafungua tena mdomo kuhusu ziwa.

Halafu kuna hofu yake, ambayo nakusihi usiiite kelele. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko pale pale Naivasha, akiwa ukingoni anapiga picha. Wavuvi wa ziwa hilo wameuawa kabla yake na baada yake. Mama watoto anasikiliza redio kama sisi wengine. Huwezi kumtuliza kwa kumwambia Mungu yupo. Mtulize kwa kubadilisha namna unavyokwenda.

Kiboko hula majani nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, na mchana hukaa kwenye maji ya kina kifupi, karibu na mafunjo. Maana yake ni kwamba ukingo una hatari kuliko katikati, na kwamba asubuhi sana na jioni si saa zako. Mashua yako nayo ina tatizo ambalo boti za injini hazina: ni kimya. Injini humwambia kiboko kwamba kuna kitu kinakuja, akapata nafasi ya kujitoa. Tanga halimwambii neno. Anaweza kuibuka ukiwa juu yake. Ukikaribia mafunjo, gonga mlingoti kwa kasia, ongea, imba nyimbo za kanisani, ilimradi asikie. Wala usipite kati yake na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia akishtuka, na ukiwa njiani atakupitia.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama umeliona. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yaliingia mashambani, yakala hata nyumba za mtaa wa Kihoto. Yaliyomezwa hayakuondoka. Chini ya maji, hasa kandokando, zimebaki nguzo za ua, seng'enge na visiki vya migunga iliyokufa. Boti ya mbao ikigusa seng'enge hukwaruzika; yako itatoboka. Ndiyo maana nataka uteremkie kwenye ufuo wanaoutumia wavuvi, kama Kamere, uwaulize njia ya kuingilia na ya kutokea, uwaamini. Na safari chache zijazo lipa mmoja wao akufuate kwa boti yake. Ukiwa hapo ulizia pia masharti ya vyombo vidogo. Mamlaka ya Usafiri wa Majini Kenya husimamia usalama wa vyombo hata kwenye maziwa ya bara.

Naivasha asubuhi maji huwa shwari. Mchana upepo huamka, wakati mwingine kwa ghafla, na ziwa likaanza kutoa povu jeupe. Mashua ya kujaza hewa ni nyepesi, haiyashiki maji kama ngalawa ya mbao, kwa hivyo hubebwa demani, upande upepo unakoelekea, kwa urahisi na kurudi joshi, upande unakotoka, kwa taabu. Wavuvi wa Mbita walikufundisha hili: panda joshi kwanza ungali na nguvu, ili upepo ukurudishe ukishachoka. Ukiona povu la kwanza, teremsha tanga ushike kasia. Saa tatu uwe umeingia, saa sita uwe umetoka na umeanza kukunja.

Ukifuata saa hizo, lile swali lako la kuchelewa limekwisha. Kinachokuchelewesha ni kushinda ziwani hadi alasiri. Umbali wa Naivasha hauna kosa. Ol Bolossat sikushauri kabisa. Ni karibu, naam, ng'ambo ya Dundori tu, lakini ni ziwa la kina kifupi lililojaa matete, na viboko wake hubanana kwenye maji machache yaliyopo. Pale hakuna katikati ya kukaa mbali nao. Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa tangu 1968, kwa hivyo lisahau. Elementaita ni maji ya magadi na ndege mwari huzaliana huko, tuwaachie. Baringo ina viboko na juu yao kuna mamba. Baki Naivasha.

Jaketi la kuokoa maisha livae, lifungwe kabla mguu haujaingia majini. Naandika hivi kwa sababu nimewaona watu wazima wakilikalia kama mto. Tundika filimbi shingoni. Kama unatumia dawa ya presha, imeze kwa wakati wake, usiiruke kwa haraka ya safari, na uvae kofia na mikono mirefu. Ziwa lile liko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, jua lake huchoma hata kukiwa na baridi. Mashua usiijaze ikakaza halafu ukaiacha juani ukinywa chai. Hewa hutanuka kwa joto na mishono ikaachia. Ikishaingia kwenye maji baridi italegea kidogo, ndipo uiongeze. Ikipinduka usiiache uogelee kutafuta nchi kavu. Shikilia mpira na upulize filimbi.

Simu iweke kwenye mfuko usioingiza maji, na umpigie mama watoto mara mbili: unapoingia na unapotoka. Asipokee, mtumie ujumbe. Atanuna miezi miwili, na bado mpigie.

Kifungua mimba usigombane naye. Vijana wa mijini wakisema aibu mara nyingi wana hofu nyingine nyuma yake, hasa bili ya hospitali na michango ya mazishi ambayo wa kwanza kuulizwa huwa ni wao. Naivasha iko kati ya Nairobi na Bahati. Mwite Jumamosi moja, na mama yake aje ikiwa atapenda. Wakae ufuoni, wale samaki wa kukaanga, wakuone ukijaza mashua yako, ukifunga jaketi, ukiagana na wavuvi wanaokujua kwa jina. Mama watoto asilazimishwe kupanda, wala asitaniwe kwa kukataa. Kuogopa maji ni haki yake kama kuyapenda kulivyo haki yako.

Lile la kuchagua mashua au yeye, usilijibu kwa maneno leo. Mtu anayesema hivyo mara nyingi amesema mengine madogo kabla yake yakapita bila kusikika, nawe huenda ulikuwa unapanga mifuko. Jibu lako la kwanza ni Jumatano, kwenye ndoo. La pili ni saa sita mchana ukiwa umeshatoka majini kama ulivyoahidi, kila wiki, bila kuongeza hata nusu saa kwa sababu upepo ulikuwa mzuri.

Baada ya miezi mitatu niandikie tena, Mwalimu. Ila safari hiyo bahasha iwe na kurasa mbili, na ya pili aiandike mama watoto kwa mkono wake, bila wewe kuisoma.