Vitabu Sawa, Haki Pungufu

Swali: Tumehamia Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu. Binti yangu hajui Kiingereza, lakini shule haimsaidii, eti anapewa vitabu sawa na wenzake. Je, ni haki?

Jibu: Hapana, mama. Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba vitabu sawa si usawa kwa mtoto asiyeelewa lugha. Ilitegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa rangi au asili. Iandikie shule ukidai afundishwe Kiingereza. Wakikataa, peleka malalamiko Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180. Usinyamaze, elimu hiyo ni haki yake.