Kununua Kompyuta Iliyotumika kwa Intaneti, na Hukumu ya Kuirudisha kwa Ila

Suali la darasa letu safari hii limetoka kwa mama mmoja mshonaji wa hapa mjini, naye ameturuhusu kulieleza pasi na kutaja jina lake. Mwanawe ameingia chuo akahitajia kompyuta ya kufanyia kazi zake. Mama akaona katika intaneti tangazo la mfanyabiashara wa Nairobi: kompyuta ya mkono iliyotumika, isiyo na ila yoyote, bei yake shilingi 28,000. Akatazama picha, akapeleka fedha kwa simu, na baada ya siku chache akaipokea katika ofisi ya basi. Siku mbili ikafanya kazi. Siku ya tatu ikazimika katikati ya maandishi ya kijana, na tangu hapo kila ikiwashwa haitimizi robo saa. Fundi akaifungua, akakuta diski yakaribia kufa, na ndani mna alama za maji zilizokwisha kufanya kutu. Siku ile ile mama alimpigia simu mwenye kuuza. Akajibiwa kuwa kitu kikisha kuuzwa hakirudi, kisha simu ikawa haipokewi tena. Mama auliza: je, nina haki katika sharia ya dini? Ninayo katika sheria ya serikali? Na kama ninayo, niende kwa nani?

Jawabu ni kuwa haki anayo katika zote mbili. Walakini haki hii ina masharti yake, na watu wengi huipoteza kwa mikono yao wenyewe kabla hawajaidai. Kwa hivyo yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza tujue ila ni nini. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema ni kile kipunguzacho kitu chenyewe au thamani yake hata makusudio ya mnunuzi yakapotea, ikiwa desturi ya vitu vya jinsi ile ni kutokuwa na upungufu huo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa katika vitu vilivyotumika. Kompyuta ya miaka mitano yenye mikwaruzo, au ambayo betri yake haikai kama ilivyokaa ilipokuwa mpya, haina ila kwa hayo, kwa sababu ndiyo hali ya wenzake wote. Mwenye kununua cha mkono wa pili ameyaridhia. Lakini diski inayokufa, maji yaliyoingia ndani, au kompyuta iliyofungwa kwa siri ya kampuni iliyokuwa nayo zamani hata mnunuzi hawezi kuitawala, hizo ni ila pasi na shaka. Na kama mwenye kuuza alisema kwa ulimi wake au kwa maandishi yake kuwa betri hukaa saa tano, nayo haikai hata mbili, basi mnunuzi ana hiari ya kuvunja bei hata kama betri ile ni ya kawaida kwa umri wake, kwani sifa iliyoshurutizwa imekosekana.

Zamani Waarabu walikuwa na hila. Mtu akitaka kumuuza ngamia au mbuzi wake humwacha siku kadha asimkamue, kiwele kikajaa, akionekana na mnunuzi adhaniwe kuwa ni mwenye maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) aliikataza hila hiyo, akampa mnunuzi hiari baada ya kukamua: akipenda amzuie mnyama, na akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende. Katika baadhi ya mapokezi hiari hiyo imetajwa kuwa ni ya siku tatu. Tazameni basi mwenye kuifuta kompyuta mbovu ikang'ara, akaitia programu mpya ili iende mbio kwa siku mbili tatu, naye ajua diski yake imechoka. Huyo amefunga kiwele. Na ile pishi ya tende ina fundisho jingine ambalo wanunuzi hulisahau: maziwa yaliyokuwamo kiweleni siku ya bei yalikuwa ni mali ya mwenye kuuza, ndipo yakalipwa. Vivyo hivyo arudishaye kompyuta hana budi airudishe na waya wake wa umeme, na mfuko wake, na kila kilichokuja nayo. Ama kuitumia kwake kabla ya kujua ila, hilo halilipiwi kodi, kwa sababu katika siku hizo kompyuta ingalipotea ingalikuwa ni hasara yake yeye, na manufaa humfuata mwenye kubeba hasara.

Sasa twaja penye ufa. Katika madhehebu yetu kurudisha kwa ila ni kwa haraka. Mtu akijua ila usiku, ana udhuru mpaka asubuhi. Akiwa yumo katika sala au chakula, amalize. Lakini asikae akafikiri wiki nzima, wala asiendelee kukitumia kitu. Wanavyuoni wamekaza sana hapa, hata wakasema mwenye kujua ila ya mnyama aliyemnunua kisha akamwacha na tandiko lake mgongoni amepoteza haki ya kumrudisha, kwani kumwacha na tandiko ni kumtumia. Mtu asemapo, "nitamaliza kwanza kazi yangu ya chuo, kisha nitairudisha," amekwisha kuliacha tandiko mgongoni. Mama huyu, alhamdulillahi, alipiga simu siku ile ile na kompyuta akaifunga. Amesalimika.

Huenda mwenye kuuza akasema: fundi wenu ameifungua, ameiharibu, siipokei. Ni kweli kuwa ikizuka ila mpya mkononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kukipokea kitu. Hapo ni kusikilizana: ama akipokee kama kilivyo, ama kirudi pamoja na fidia ya ila mpya, ama muuzaji alipe upungufu wa ila ya kale. Lakini wanavyuoni wamevua jambo moja, nalo ni lile ambalo ila ya kale haijulikani ila kwalo. Wakapiga mfano kwa yai la mbuni na kwa nazi. Mtu hawezi kuijua nazi mbovu mpaka aivunje, na akiivunja kwa kadiri ya haja akaiona mbovu, hurudisha na hadaiwi kitu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo! Kulegeza parafujo ili kuona ndani ni kuvunja nazi. Ama kubadilisha vipande na kuchomelea waya kabla ya kumpa habari mwenye kuuza, hilo limepita kadiri ya haja, na ndilo linalowaponza wengi.

Na akisema ila imezuka kwenu, haikuwako kwangu? Asili ni kuwa wakigombana juu ya umri wa ila, na jambo lawezekana kuwa hivi au vile, huaminiwa muuzaji kwa kiapo chake. Hukumu hii ni nzito kwa mnunuzi, na kwa hivyo twamwusia kila mwenye kupokea mzigo kama huu aufungue mbele ya watu, na achukue picha za simu tangu kukata karatasi mpaka kuiwasha. Lakini ikiwa ila yenyewe yashuhudia ukale wake, huaminiwa mnunuzi. Wamepiga mfano wa kovu lililokwisha kupona juu ya mtumwa aliyeuzwa jana tu. Nayo kutu ya maji huenda ikawa shahidi wa namna hiyo.

Bado lile neno lake kuwa kitu kikisha kuuzwa hakirudi, neno ambalo twaliona limepigwa chapa katika risiti za maduka mengi kama kwamba ni aya. Bwana Abdullahi bin Umar (R.A.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kuwa hana dhima ya ila. Mnunuzi akaona ugonjwa, wakaenda kwa Sayyidna Uthman (R.A.), naye akahukumu kuwa Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kwa hukumu hiyo na mfano wake, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa sharti kama hilo humwokoa muuzaji katika ila iliyofichika ya mnyama peke yake, ambayo hakuijua, kwa sababu mnyama hula na hubadilika na ugonjwa wake husitirika. Katika visivyokuwa mnyama halimwokoi. Na kompyuta, ijapokuwa wapo waisemeshao usiku kucha, si mnyama.

Baadhi ya wanafunzi wetu wameuliza: je, bei ya kitu ambacho mnunuzi hakukiona yasihi asilani? Katika kauli mpya ya Imamu Shafii haisihi, na kwa kauli hiyo kila mmoja humrudishia mwenziwe alichopokea hata kama kompyuta ni nzima. Mahanafi waijuzisha na humpa mnunuzi hiari atakapokiona. Mimi naona katika zama hizi, ambapo nusu ya biashara ya mji yapita katika simu, kauli ya Mahanafi ndiyo yenye kuwafaa watu. Lakini aishikae asishike nusu yake, akahalalisha bei na kuiacha hiari.

Tuje kwenye sheria ya serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari zake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Sheria hiyo yamhesabu mfanyabiashara kuwa ametoa dhamana ya ubora hata asipotamka, na yataja kuwa ni udanganyifu kusema kitu kina hali au sifa ambayo hakina. Wala muuzaji hawezi kuiondoa dhamana hiyo kwa kuandika maneno yake katika risiti. Ndani yake mna mlango wa mapatano ya intaneti: muuzaji yampasa aeleze habari za bidhaa kabla ya mapatano na ampe mnunuzi nakala ya mapatano kwa maandishi, na asipotimiza, mnunuzi ana muda maalumu wa kuyavunja. Pia iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu zama za Mwingereza. Hiyo nayo yataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyouziwa, na yampa mnunuzi nafasi ya kuikagua. Lakini akikaa nayo kupita muda wa kiasi bila kusema kitu, huhesabiwa ameipokea, na haki ya kuikataa humtoka, akabakiwa na fidia tu. Twaona basi kuwa wao nao wameitambua ile haraka waliyoitaja wanavyuoni wetu, ila hawakufika kwenye tandiko.

Iko tofauti moja ya kuangaliwa. Dhamana ya ubora katika sheria hizo humshika zaidi mwenye kufanya biashara. Aliyeuza kompyuta yake moja ya nyumbani ni vigumu kumshika, isipokuwa amesema uwongo katika maelezo yake. Katika dini hapana tofauti hiyo: ajuaye ila yampasa aiseme, awe tajiri wa duka au jirani.

Ama aende kwa nani? Wengi hukimbilia kwa Kadhi, na hurudi wamevunjika moyo. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Bei na biashara hazimo. Kadhi aweza kusuluhisha kwa heshima yake, lakini hukumu ya kulazimisha hana. Mahali penyewe ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo ipo Mombasa pia. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu aweza kusimama bila wakili, na sheria yataka kesi imalizwe katika siku 60 tangu kufunguliwa.

Kabla ya hapo mama na aandike barua, na kuipeleka kwa njia ile ile waliyopatania, aeleze siku ya kununua, bei, ila iliyoonekana, siku aliyotoa habari, na kwamba amevunja bei na ataka shilingi zake 28,000 kwa muda wa siku kadha. Aiambatanishe na tangazo, ujumbe wa simu wa kupeleka fedha, na maandishi ya fundi. Asifute hata neno moja katika simu yake, japo la matusi. Sheria ya ushahidi ya Kenya huzikubali kumbukumbu za simu na kompyuta. Aliyelipa kwa kadi ya benki ana njia nyingine, nayo ni kuiarifu benki yake upesi kuwa alichopokea sicho alichoelezwa. Aliyepeleka kwa simu asitumaini kuwa kampuni ya simu itamrudishia: utaratibu wao ni wa fedha zilizokwenda kwa nambari isiyokusudiwa, na hizi zilikwenda kwa aliyekusudiwa.

Limebaki suali la nauli ya basi ya kuirudisha kompyuta. Wanavyuoni wetu wamesema gharama ya kurudisha ni juu ya mnunuzi, lakini mpaka pale alipokipokea kitu, na mama alipokea hapa hapa Mombasa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo yasema aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha, yatosha kumjulisha muuzaji kuwa ameikataa, isipokuwa walipatana vingine. Basi na aihifadhi mahali pakavu, asiiwashe, na mwenyewe atume mtu wa kuichukua akija na fedha.