Dawa ya Bomba Haijaua Bustani Yako

*Shangazi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nyuma ya nyumba nina bustani ya viroba: mchicha, maharage, pilipili na nyanya. Nyingine tunakula, nyingine nawauzia majirani. Tangu kiangazi kianze, majani ya maharage yanaungua kingo, na udongo umetoa unga mweupe juu. Maji ya bomba yananuka dawa, na jirani ananiambia klorini imeshaua udongo wangu. Bomba linatoka siku mbili tatu kwa wiki. Siku nyingine nanunua maji ya boza, yote nayaweka kwenye simtank moja. Sasa nimeyaacha yote. Namwagilia maji ya mtaro unaopita nyuma yetu, na mchicha umestawi ajabu. Mume wangu amekasirika, anasema nitawadhuru watu. Nani yuko sahihi?*
*B.S.*

Mwanangu B.S., kulisha nyumba kwa viroba vya nyuma ya jiko si kazi ndogo, na pole kwa maharage yako. Jirani yako naye simlaumu. Anayenusa dawa halafu akaona jani limeungua, ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili. Lakini hayahusiani, na uamuzi uliouchukua baada ya hapo ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Harufu ya dawa isikutishe

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu. Husafishwa, kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na kiasi kidogo huachwa makusudi kiendelee kuyalinda njiani hadi kwako. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakimfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na kwa mnywaji ukomo ni miligramu 5.

Kiasi hicho ukikimwaga kwenye udongo hakifiki mbali. Klorini humalizana na kitu cha kwanza inachokutana nacho: samadi, majani yaliyooza, vijidudu vya juu kabisa. Vijidudu vichache hufa pale juu, vilivyo chini huzaliana na kujaza nafasi, na mizizi haipati habari. Udongo wenye mboji ya kutosha hulimaliza jambo hili peke yake.

Cha kuogopa ni dawa ikizidi. Maji ya kufulia yaliyotiwa jiki usiyamwage kwenye viroba hata siku moja: klorini yake ni kali, na hubakisha chumvi.

Unga mweupe ndio unaokueleza ukweli

Umeutaja unga mweupe kwa kupita, lakini kwangu ndio uliobeba jibu. Klorini haiachi unga. Ndoo ikikaa wazi usiku kucha, sehemu kubwa ya klorini huondoka hewani. Kinachobaki maji yakikauka ni chumvi. Na chumvi hiyo, kwa maelezo yako, naitilia shaka imekuja na boza.

Maji mengi ya boza hapa mjini hutoka visimani. Visima vilivyo karibu na pwani vikivutwa sana, maji ya bahari hujipenyeza chini ya ardhi na kuchanganyika na maji baridi. Kisima cha namna hiyo kinaweza kuwa na mamia ya miligramu za kloridi kwa lita moja. Wewe ukayachanganya na ya bomba kwenye simtank moja, kisha lawama zikaliangukia bomba kwa sababu ndilo linalonuka.

Chumvi inaharibu hivi. Kwanza inayashika maji udongoni, mzizi ukivuta haupati, na mmea unanyauka huku udongo umelowa. Pili, kidogo kinachoingia hupanda hadi kwenye jani. Maji yanapopotelea hewani, chumvi inabaki kwenye kingo na kuziunguza. Tatu, sodiamu iliyomo huvuruga chembe za mfinyanzi, udongo ukashikana na kuwa mgumu, maji yakatuama juu. Maharage ndiyo ya kwanza kulia kwa chumvi, pilipili hufuata, nyanya huvumilia zaidi kidogo. Kwako yameanza maharage, na yameanza kiangazi, wakati hakuna mvua ya kuiosha chumvi. Ushahidi unaelekea upande mmoja.

Njia zilizo mbele yako

Kubaki na boza peke yake ni kuendelea kulimbikiza chumvi, isipokuwa umejiridhisha na kisima kinachotoa maji hayo. Povu la sabuni likikataa kutoka, au ukionja ukasikia chumvi, usiyapeleke kwenye maharage. Kwa uhakika zaidi, peleka chupa kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, uombe wapime chumvi. Kwa kilimo, kipimo cha chumvi kikiwa chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita) maji hayana tatizo. Kikivuka 3, tafuta maji mengine.

Bomba ndiyo njia ninayokushauri. Shida yake ni mgawo, na hiyo inatibika kwa pipa la pili.

Ya tatu ni mtaro. Hapo, mwanangu, sitakubembeleza.

Mtaro uache leo

Mchicha umestawi kwa sababu maji hayo yamebeba kinyesi na uchafu, navyo vina naitrojeni. Kijani unachokiona ni mbolea, na mbolea hiyo imekuja pamoja na mayai ya minyoo, vijidudu vya kuhara, na msimu mbaya ukifika, kipindupindu. Kachumbari moja ya nyanya na pilipili zilizorushiwa maji hayo inatosha kulaza nyumba nzima.

Kuna la pili ambalo hata moto hauliondoi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, humu humu Dar es Salaam, na madini waliyoyapima ni pamoja na risasi na kadimi. Madini hayo yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na risasi huwaumiza zaidi watoto wadogo, ubongo wao ukiwa bado unakua. Usiache mbachao kwa msala upitao: umeyakimbia maji yaliyotiwa dawa ili yakulinde, ukayafuata yasiyo na mlinzi.

Fanya hivi

Tenga maji. Pipa moja liwe la bomba tu, lifunike kwa wavu au chandarua, maana mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia. Harufu ikikusumbua, acha maji ya kesho yakae usiku kucha ndipo umwagilie.

Osha chumvi. Hakikisha kila kiroba kina matundu chini, kisha mwaga maji ya bomba taratibu hadi yatiririke kwa chini, urudie baada ya siku chache. Masika yakifika, viache viroba vinyeshewe. Kisha ongeza mboji iliyoiva, na samadi ya kuku mbichi ipunguze, nayo ina chumvi.

Mwagilia asubuhi, shinani. Maji yenye chumvi yakikaukia juu ya jani huliunguza moja kwa moja.

Na ili jirani yako aamini, panda maharage kwenye viroba viwili, udongo mmoja, mbegu moja. Kimoja kipe maji ya bomba tu, kingine ya boza tu. Wiki tatu nne zitatosha kumwonyesha.

Kuhusu mumeo na wateja wako

Mumeo yuko sahihi kuhusu mtaro, mwambie hivyo kwa kinywa chako. Mchicha uliomwagiliwa maji hayo ung'oe, usiuze wala usiupike. Majirani waliokwisha kununua waeleze wazi, na aliyebakiwa na mboga hizo azitupe. Najua utaona aibu, na huenda ukapoteza mteja mmoja au wawili. Lakini anayenunua fungu la mchicha hana namna ya kujua lilinyweshwa maji gani. Anachonunua ni uaminifu wako. Mrudishie fedha yake leo, umuuzie mchicha safi mwezi ujao.

Shangazi