UKIMPIGA ANAYETIBU, NANI ATAMTIBU MGONJWA?



Tuseme ni msimu wa korosho hapa Mtama. Kijana ameanguka kutoka mtini. Mguu umevunjika. Ndugu zake wanamfikisha kituo cha afya. Mara analetwa mtoto mwenye degedege. Muuguzi anamchukua mtoto kwanza. Ndugu wa kijana wanakasirika. Mmoja anamkunja muuguzi.

Je, muuguzi amewadharau? Hapana. Penye dharura, hutangulia aliye karibu zaidi na kifo, si aliyefika kwanza. Degedege lisipotulizwa upesi linaweza kuua. Mguu uliovunjika unauma sana, lakini usipotoa damu nyingi unaweza kungoja kidogo.

Ugomvi wa namna hii uko duniani kote. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika kila wafanyakazi 100 wa afya, kati ya 8 na 38 hupigwa au kushambuliwa wakati fulani kazini.

WAFANYAKAZI WAFANYEJE?

1. Waseme kwa upole. Wasijibu tusi kwa tusi.

2. Waeleze kwa nini mgonjwa anangoja. Kunyamaza huzidisha hasira.

3. Wamwite mwenzao. Mtu asibaki peke yake na mwenye hasira. Asimame karibu na mlango.

4. Mtu akianza kupiga, wajitenge na kuita mlinzi au polisi.

5. Aliyepigwa atibiwe. Tukio liandikwe na kiongozi aarifiwe, ili lisirudie.

Sasa fikiri. Zahanati nyingi za vijijini zina mtu mmoja tu wa zamu usiku. Akikimbia kujiokoa, mtoto na kijana wote wawili hawana wa kuwatibu.

NASI TUFANYEJE?

Chagueni ndugu mmoja awe msemaji. Wengine wangoje nje. Msemaji aulize: "Mgonjwa wetu ataonwa lini?" Hali ya mgonjwa ikibadilika, aseme mara moja. Mkiona mmetendewa vibaya, pelekeni malalamiko kwa mganga mfawidhi au kamati ya afya ya kituo. Hiyo ni haki yenu. Lakini ngumi haiungi mfupa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto alitibiwa kwanza?

2. Mkimpeleka mgonjwa usiku, nani atakuwa msemaji wenu?

3. Malalamiko hupelekwa kwa nani kijijini kwenu?