Barua ya FEMA Ikisema Hustahili, Usiitupe

Kimbunga Beryl kilipopiga pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 wa umeme katika eneo la Houston walibaki gizani, wengine kwa zaidi ya wiki moja, katika joto la Julai ambalo aliyelionja halisahau. Kusini-magharibi mwa jiji hilo, katika mitaa kama Gulfton na Alief, wanaishi wakimbizi na wahamiaji wengi, na Waswahili hawakosekani humo. Wengi ni wapangaji. Hawana nyumba ya kupoteza, lakini wana magodoro, nguo za watoto, gari la kwendea kazini na chakula cha mwezi kwenye friji. Baada ya kila kimbunga husikika kauli ileile miongoni mwetu: msaada wa serikali ni wa wenye nyumba zao, sisi hautuhusu. Kauli hiyo si kweli, na imewakosesha watu fedha ambazo sheria iliwatengea.

Shirika linalohusika ni FEMA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia majanga. Haligawi fedha kila upepo unapovuma. Kwanza Rais lazima atangaze janga kubwa, kisha tangazo litaje kaunti zitakazopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Kaunti ya jirani inaweza kutajwa na yako isitajwe, au yako ikatajwa kwa matengenezo ya barabara na madaraja tu. Kwa hiyo la kwanza ni kuulizia kaunti yako. Ingia DisasterAssistance.gov uandike anwani yako, au piga 1-800-621-3362. Ukipiga simu, sema mara moja "Swahili, please" na usubiri mkalimani. Usimfanye mtoto wako wa darasa la sita kuwa mkalimani wa jambo hili. Kuna maswali ya kipato, bima na uraia ambayo hayamfai, na neno moja likigeuzwa linaingia kwenye faili lako. Ukiona simu haisaidii, nenda kwenye kituo cha huduma ambacho FEMA hufungua katika maeneo yaliyoathirika, ukaonane na mtu ana kwa ana. Muda wa kawaida wa kujiandikisha ni siku 60 tangu tangazo la Rais. Wakati mwingine huongezwa, lakini usiutegemee.

Mpangaji anaweza kupata nini? Fedha za kupanga mahali pengine ikiwa nyumba haikaliki, fedha za vitu vilivyoharibika, za kuhamisha na kutunza mizigo, za matibabu yaliyotokana na janga, na wakati mwingine za kutengeneza gari. Tangu Machi 2024 kuna pia malipo ya mahitaji ya haraka, kama maji, chakula na maziwa ya mtoto. Yalianza kwa dola 750 kwa kaya, na kiwango hurekebishwa kila mwaka. Kutengeneza jengo lenyewe ni kazi ya mwenye nyumba. Fedha hizi si mkopo, hazihesabiwi kama kipato, na hazikupunguzii msaada wa chakula unaoupata. Ila zitumike kwa kile kilichoandikwa kwenye barua, na risiti zitunzwe kwa miaka 3. Kama una bima, dai kwanza kwa kampuni ya bima, kwa sababu sheria hairuhusu kulipwa mara mbili kwa hasara moja. Lakini usingoje jibu lao ndipo ujiandikishe FEMA.

Sasa tuje mahali ambapo watu wetu hukwama, napo ni kwenye majina. Mtu aliyepitia kambini Nyarugusu au Kakuma mara nyingi ana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari aliyoandikiwa na ofisa, na jina ambalo kila ofisi ililipanga kivyake. Kwenye kadi ya Social Security jina la baba limekuja mwisho, kwenye mkataba wa nyumba limekuja mwanzo, na benki imeacha herufi moja. Mwanadamu akiyaona majina hayo anatambua kuwa ni mtu yuleyule. Kompyuta inayohakiki utambulisho haitambui, na barua inayofuata inasema hustahili. Dawa yake ni kuandika kwenye maombi jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi, na kutumia akaunti ya benki yenye jina hilohilo. Kama hati zako zinatofautiana, tengeneza nakala zote mapema na uziambatanishe pamoja, ili anayezisoma aone namba na anwani zinazozifunga kwa mtu mmoja.

Kikwazo cha pili ni kuishi wengi pamoja. Familia ikiwa moja, ombi ni moja. Lakini vijana watatu waliochangia nyumba moja, kila mmoja na mfuko wake, si kaya moja. Kila mmoja anaweza kuomba kwa ajili ya vitu vyake. Tatizo ni kwamba wa kwanza akijiandikisha na kuwataja wenzake kama watu wa kaya yake, wa pili akija anaambiwa anwani hiyo imeshatumika. Kaeni chini kabla ya kupiga simu, mkubaliane nani anaomba kwa niaba ya nani, na kila mmoja aeleze wazi kwamba wengine ni wapangaji wenzake.

Tatu, uthibitisho kwamba ulikuwa ukiishi hapo. Wako waliopangishwa na ndugu kwa neno la mdomo, hawana mkataba. Mkataba si hati pekee inayokubaliwa. Bili ya umeme au ya simu, karatasi ya mshahara, leseni ya udereva, usajili wa gari, barua ya shule ya mtoto, chochote rasmi chenye jina lako na anwani hiyo kabla ya kimbunga kinaweza kusaidia. Piga picha za hati hizo leo, uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako. Baada ya kimbunga, piga picha za hasara kabla ya kutupa chochote: godoro lililoloa, mstari wa maji ukutani, friji iliyofunguliwa mlango.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, nasema kwa uangalifu kwa sababu hofu ni kubwa. Fedha za FEMA ni za raia, wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi na makundi mengine machache. Inatosha mtu mmoja katika kaya awe na sifa. Mzazi asiye na hati anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake mdogo aliyezaliwa Marekani mwenye namba ya Social Security. Lakini FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ileile inayosimamia uhamiaji. Kama kuna mtu nyumbani ambaye hali yake haijakaa sawa, ongea kwanza na mwanasheria. Baada ya janga lililotangazwa, watu wa kipato kidogo hupewa msaada wa sheria bila malipo, na kituo cha FEMA au simu ya 211 watakuelekeza. Usimsikilize jirani, hata kama anazungumza kwa kujiamini.

Barua ya kukataliwa inakuja, moyo unavunjika, inawekwa chini ya zulia. Hapo ndipo haki nyingi hupotea. Soma sababu iliyoandikwa. Mara nyingi haikatai hasara yako. Inadai karatasi: utambulisho haujathibitika, makazi hayajathibitika, barua ya bima haipo. Una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua kukata rufaa. Angalia vizuri: ni tarehe ya barua, haihesabiwi kutoka siku uliyoifungua. Peleka karatasi inayodaiwa, na juu ya kila ukurasa andika namba yako ya maombi yenye tarakimu 9 na namba ya janga. Karatasi moja ikianguka bila namba hizo, haina mwenyewe. Kama ulipewa kiasi kidogo kuliko hasara, napo unaweza kukata rufaa, ukiambatanisha makadirio ya fundi au risiti.

Wakati huohuo matapeli huzunguka. Mkaguzi wa kweli wa FEMA, anayekuja kuangalia hasara, ana kitambulisho chenye picha, hatozi senti, na hana sababu ya kukuomba namba ya siri ya benki. Namba yako ya maombi anayo tayari. Anayekudai ada ili "faili lisogee" ni mwizi, hata akiwa anaongea Kiswahili safi na anasali nawe. Ripoti udanganyifu kwa 1-866-720-5721.

FEMA haijengi upya maisha yote. Shirika la SBA hutoa mikopo ya riba nafuu, na licha ya jina lake la biashara ndogo, wapangaji nao wanaweza kukopa hadi dola 100,000 kwa vitu vyao, ilhali wenye nyumba hukopa hadi dola 500,000 kwa jengo. Huo ni mkopo na utalipwa. Mimi nisingemshauri mtu wa kipato kidogo aukimbilie kabla ya kumaliza rufaa yake. Baadaye sana, Bunge likiidhinisha, wizara ya nyumba, HUD, hupeleka fedha jimboni za kujenga upya. Baada ya Kimbunga Harvey cha 2017, Texas iliendesha mpango wa namna hiyo kupitia ofisi yake ya ardhi, na wengine walisubiri miaka. Kwa hiyo anwani yako ikibadilika, zijulishe ofisi ulizoziomba msaada.

Jambo moja la kufanya kabla ya mawingu kukusanyika: bima ya kawaida ya nyumba, na ile ya mpangaji, hailipi mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa peke yake, na hata mpangaji anaweza kukinga vitu vyake, hadi dola 100,000, kupitia mpango wa serikali. Kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza tarehe 1 Juni. Anayetaka kuwa na kinga siku hiyo anunue kabla Mei haijaanza.