Kuziba kwa Muda Mabomba ya Majitaka Wakati wa Kukarabati Bafu

Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Choo cha kukalia, sinki au beseni la kuogea linapoondolewa ili bafu likarabatiwe, hubaki bomba lililo wazi sakafuni au ukutani. Bomba hilo si tundu la kawaida. Ni njia inayounganisha chumba chako na mfereji wa majitaka wa mtaa mzima. Lisipozibwa, hewa chafu, wadudu na wakati mwingine majitaka yenyewe huweza kuingia ndani ya nyumba. Kwa hiyo yapasa lizibwe saa ile ile linapofunguliwa, kwa kifaa kinachofaa, na kifaa hicho kiondolewe kabla ya choo kipya kufungwa.

Wasomaji wengi wa mwongozo huu walikulia mahali ambapo choo hujengwa uani, au ambapo bafu lina matundu ya hewa yasiyofungwa kamwe. Huko harufu mbaya hupeperushwa na upepo. Katika nyumba za Marekani bafu huwa katikati ya vyumba vya kulala, na wakati wa baridi madirisha hufungwa kwa miezi. Hewa inayotoka bombani hubaki ndani pamoja na watoto, wazee na wagonjwa.

Kinga iliyomo ndani ya maji

Tazama chini ya sinki lako. Utaona bomba limepindwa mfano wa herufi U. Katika kona hiyo hubaki maji kidogo kila mara unapomaliza kunawa. Kina chake ni angalau inchi 2, yaani sentimita 5, nayo ndiyo yanayozuia hewa ya mfereji isipande. Choo cha kukalia kina kona kama hiyo ndani ya umbo lake. Beseni la kuogea na sehemu ya bafu la mvua, kwa kawaida, kona yake iko chini ya sakafu.

Tofauti hii ni muhimu. Ukiondoa choo, umeondoa na kona yake ya maji, na bomba limebaki wazi kabisa. Ndivyo ilivyo pia fundi anapofungua kona ya sinki. Lakini kona ya bafu la mvua iliyo chini ya sakafu hubaki mahali pake. Hiyo yahitaji tu kufunikwa ili isiingie saruji na vipande vya vigae, na kumwagiwa maji mara kwa mara yasije yakakauka.

Hatari zenyewe

Hewa ya majitaka ni mchanganyiko wa gesi. Mojawapo hunuka kama yai bovu. Kwa kiasi kidogo huwasha macho na kuleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Kwa kiasi kikubwa hupooza uwezo wa pua wa kunusa, kisha huweza kuua. Kwa hiyo harufu ikitoweka ghafla, usichukulie kuwa hatari imekwisha. Gesi nyingine, methani, haina harufu na hushika moto. Katika nyumba nyingi kiasi kinachoingia ni kidogo, lakini hakuna sababu ya familia kuivuta hewa hiyo kwa wiki mbili au tatu za ukarabati.

Vijidudu vya maradhi pia huweza kusafiri kwa njia hii. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa SARS, zaidi ya watu 300 waliambukizwa katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong. Wachunguzi walieleza kwamba kona za maji za sakafu za mabafu mengi zilikuwa zimekauka, na feni za kutolea hewa zilivuta hewa ya mabomba hadi ndani ya vyumba. Tujifunze hapo jambo la kutenda: usiwashe feni ya bafu wakati bomba liko wazi, kwa maana itavuta hewa ya mfereji. Fungua dirisha badala yake.

Mende na panya nao hupita katika mabomba haya. Na mfereji mkuu ukiziba, majitaka hutokea katika tundu lililo chini kuliko yote.

Jinsi ya kuziba

1. Nunua kizibo kabla ya kuondoa choo. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa kizibo cha mpira chenye nati ya masikio mawili. Nati ikizungushwa, mpira hutanuka na kubana ukuta wa bomba. Bomba la choo huwa na upana wa inchi 3 au 4, la bafu la mvua inchi 2, la sinki inchi 1¼ au 1½. Ikiwa Kiingereza ni kigumu, mwonyeshe muuzaji picha ya bomba na kipimo kilichoandikwa.

2. Vaa glavu. Funga maji ya choo, kivute, kisha ondoa maji yaliyobaki. Choo kikishatolewa, pangusa mdomo wa bomba na ukwangue nta iliyogandia hapo. Mpira haushiki mahali pachafu.

3. Funga kamba imara kwenye kizibo, na ncha ya pili uifunge kwenye kipande cha ubao kilicho kirefu kuliko upana wa tundu. Kizibo kikiteleza, kamba itakizuia kisizame.

4. Ingiza kizibo hadi mpira wote uwe ndani ya sehemu laini ya bomba, wala usikisukume mbali zaidi. Kaza nati kwa mkono. Usitumie spana, kwani bomba la plastiki au la chuma cha zamani laweza kupasuka.

5. Fungua maji katika sinki au beseni jingine kwa dakika moja. Yakishuka polepole au ukisikia mabomba yakigugumia, simamisha matumizi ya maji na umwite fundi bomba. Huenda kizibo kimefunga njia ya vifaa vingine.

6. Funika tundu kwa ubao ili mtoto asitumbukize mkono au kitu cha kuchezea. Bandika tangazo mlangoni: “Bomba limezibwa. Usimwage maji.” Kagua kizibo kila siku.

Kama kizibo hakijapatikana

Tambara peke yake halitoshi, maana gesi hupenya kitambaa. Kwa usiku mmoja tu, weka tambara nene ndani ya mfuko wa plastiki, ulibane katika mdomo wa bomba huku nusu yake ikibaki nje, kisha funika juu kwa plastiki na utepe wa gundi pande zote. Kesho yake nunua kizibo.

Mambo ya kuepuka

Usizibe kwa saruji wala povu linaloganda. Usizibe bomba la hewa linalotokea juu ya paa, kwa sababu likifungwa, maji ya kona nyingine hunyonywa na kuisha. Na katika jengo la ghorofa usizibe kamwe bomba kuu la wima linalotumiwa na majirani. Ukisikia maji yakipita ndani ya bomba wakati kwako hakuna anayetumia maji, huenda ni bomba la wote. Likizibwa, uchafu wa walio juu utarudi nyumbani kwa mtu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Wakati wa kuondoa kizibo

Waombe wote nyumbani waache kutumia maji. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, uweke uso kando, kisha legeza nati kidogo kidogo. Maji yakichuruzika pembeni, kaza tena na umwite fundi, kwa kuwa majitaka yamejikusanya nyuma yake. Pasipo maji, toa kizibo, kamba na kila tambara. Hesabu ulichoingiza na ulichotoa. Tambara lililosahaulika litaziba choo kipya.

Ukiwa mpangaji

Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi na uhifadhi picha zenye tarehe. Muulize fundi kabla hajaondoka jioni: “Bomba hili limezibwa kwa kitu gani?” Una haki ya kuuliza, maana familia yako ndiyo italala hapo.

Harufu ya yai bovu: ondoka kwanza

Gesi ya kupikia nayo hutiwa harufu inayofanana na yai bovu. Ikiwa harufu ni kali au hujui inatoka wapi, toka nje pamoja na watu wote. Usiguse swichi ya taa wala kuwasha moto. Ukiwa nje, piga simu 911. Taja neno “Swahili” na uombe mkalimani. Mtu akizimia bafuni, usimfuate ndani ya hewa hiyo, ita msaada. Kwa ushauri kuhusu sumu, piga 1-800-222-1222 saa yoyote, bila malipo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Ni kona gani za maji zitakazoondoka pamoja na vifaa vyetu, na zipi zitabaki chini ya sakafu?
- Nani atakikagua kizibo kila siku, na nani atawaeleza watoto?
- Tukilazimika kutoka usiku, tutakutana wapi nje?